Nimefika Uhuru: je, kilima cha mita 481 kisiwani Hoy kinahitaji maandalizi?

Swali: Mimi ni Mtanzania, nasoma Aberdeen. Mwezi Julai mimi na mke wangu tutakuwa Orkney, visiwa vya kaskazini mwa Uskoti, siku tatu. Nimeona kwenye ramani kwamba kisiwa cha Hoy kina kilima kiitwacho Ward Hill, mita 481 tu, karibu kabisa na bahari. Mwaka juzi nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu nikafika Uhuru. Mke wangu hajawahi kupanda mlima wowote. Je, tuvae raba na jaketi tuondoke na feri ya asubuhi, au kilima hiki nacho kinahitaji maandalizi?

Jibu: Kinahitaji, tena maandalizi ambayo Marangu haikukufundisha. Shemeji anaweza kufika juu vizuri tu, maana kwenye mita 481 hewa haipungui kiasi cha kumsumbua mtu mwenye afya. Lakini raba ziacheni mlikofikia, na feri ya kuijua kwanza ni ile ya mwisho ya kurudi.

Kumbuka Marangu ilivyokuwa. Kuanzia getini hadi Kibo kuna njia iliyokanyagwa na maelfu ya watu, yenye madaraja, vibao na mifereji ya kutoa maji. Ulikuwa na mwongozaji anayejua saa ya kuondoka na saa ya kugeuza, wagumu waliobeba mizigo, na chai iliyokungoja kibanda cha Horombo. Kazi yako ilikuwa kutembea pole pole na kunywa maji. Ward Hill haina geti, haina ada, wala hulazimishwi kuwa na mwongozaji. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kupita nyikani mradi asiharibu wala kusumbua, kwa hiyo hakuna atakayekuuliza unakwenda wapi. Hakuna pia atakayejua kwamba hujarudi. Na ukishaiacha njia kando ya ziwa dogo la Sandy Loch, sehemu yote iliyobaki hadi kileleni utaitafuta mwenyewe kwa macho, hatua kwa hatua. Hapo ndipo watu waliokwishapanda milima mirefu wanapokwama: wamezoea kuuliza "tumebakiza mita ngapi?" wakati kilima cha namna hii kinataka uulize "nakanyaga nini?"

Kabla ya yote, hakikisheni mnatazama kilima chenyewe. Jina Ward limetokana na neno la Kinorsi la kale lenye maana ya mnara wa ishara, yaani mahali pa kuwashia moto wa kuwaonya watu kwamba kuna hatari inakuja. Kwa sababu hiyo Orkney ina Ward Hill zaidi ya moja. Iko nyingine Orphir, kwenye kisiwa kikuu, ya mita 268. Mkiandika jina kwenye simu bila kutaja Hoy mnaweza kuletewa njia ya kilima kisicho chenu. Ramani ya kununua ni Ordnance Survey Explorer namba 462, ambayo sentimita 4 zake ni kilomita 1 ardhini. Inunueni hata kama mna programu ya ramani kwenye simu. Sababu nitaieleza tukifika kwenye ukungu.

Sasa ardhi. Nyika ya Hoy imekaa juu ya mboji nyeusi, ambayo wasomaji wa Rwanda wanaijua kwa jina la nyiramugengeri. Ni mabaki ya mimea yaliyokataa kuoza, kwa sababu ardhi imejaa maji, maji hayo yana tindikali, na hewa haipenyi humo. Tabaka jipya hupanda juu ya la zamani kwa takriban milimita 1 kwa mwaka. Kwa hiyo mguu wako ukizama hadi gotini, umepita katika mabaki ya miaka mia kadhaa. Mboji iliyojaa maji inashika mguu kama mdomo. Inakuruhusu kuingia upesi na kukutoa inakataa. Mtu anayepigana nayo kila baada ya hatua kumi anachoka mara mbili ya anayetembea kwenye njia kavu, na huo ndio uchovu mtakaokutana nao.

Dawa yake ni kusoma mimea, kwa sababu mimea inakwambia maji yako wapi kabla mguu haujafika. Erika ndiyo rahisi kuitambua. Juu ya kibanda cha Mandara ulipita katikati ya mierika mirefu kuliko mtu. Ya Orkney ni ya ukoo huohuo lakini inaishia gotini, na mwishoni mwa Julai huanza kuchanua maua ya zambarau. Palipoota erika nyingi ardhi ni kavu kiasi na inabeba uzito. Ubaya wake ni kwamba inaficha mashimo na mawe, hivyo usirushe mguu mbele. Uinue, uushushe wima, uhisi chini, ndipo uhamishe uzito.

Mkiona vishada vyeupe vinavyopepea kama pamba iliyopasuka, hapo chini kuna mboji nene yenye maji. Panapitika, lakini kanyagani juu ya vichuguu vya nyasi vyenyewe, katikati kabisa. Ukikanyaga ukingoni, kichuguu kinageuka na kifundo cha mguu kinageuka nacho. Majani membamba ya mviringo, ya kijani iliyoiva, yaliyosimama kama sindano na kufuatana kwa mstari kushuka kilimani, yanaonyesha kijito kinachopita chini kwa chini. Vukeni mstari huo kwa kuukata moja kwa moja, msitembee ndani yake.

Kuna kimoja cha kukwepa kabisa. Ni zulia laini la rangi ya kijani kibichi, ya njano au nyekundu, linalong'aa na kuvutia macho, tambarare kuliko yote yanayolizunguka. Hiyo ni sfagnamu. Mmea huo mdogo hunyonya maji mara nyingi kuliko uzito wake, na mara nyingine huelea juu ya dimbwi. Mgeni huliona akadhani amepata mahali pazuri pa kupumzisha miguu. Lichomeni kwa fimbo kwanza: fimbo ikizama bila kugonga kitu, zungukeni, hata kama kuzunguka kunaongeza mita hamsini. Mboji nyeusi isiyo na mmea wowote ni kigeugeu. Siku kavu inatembeka kama sakafu ya mpira, lakini baada ya mvua inateleza kama sabuni.

Mmoja wenu akizama, asivute mguu kwa nguvu kwenda juu, maana atabaki bila kiatu na mguu mwingine utazama. Aegemee nyuma au akae kitako ili uzito utawanyike, atikise kisigino pole pole hadi maji yaingie pembeni mwa buti, kisha autoe mguu kisigino kikitangulia. Mwenzake asikimbilie pale alipozama. Asimame mahali pagumu na kumnyooshea fimbo.

Njia yenyewe ni hii. Feri ya abiria hutoka Stromness, huweza kupitia kisiwa kidogo cha Graemsay, na kufika gati la Moaness kwa muda wa kama nusu saa. Feri nyingine, ile ya magari, hutoka Houton kwenda Lyness, na Lyness iko upande wa pili wa kisiwa, mbali na kilima. Watu hukosea hapa, wakashuka Lyness bila gari na siku ikaishia barabarani. Kutoka Moaness fuateni barabara inayopanda, kisha vibao vya njia ya miguu ya kwenda ghuba ya Rackwick. Mtafika Sandy Loch baada ya kama kilomita 3. Ziwa hilo liko takriban mita 100 juu ya bahari, kati ya vilima viwili: Cuilags, mita 435, uko magharibi, na Ward Hill uko kusini-mashariki. Njia nzuri ya miguu inaendelea bondeni kwenda Rackwick. Ninyi mtaiacha na kuanza kupanda kushoto.

Msianze kupanda palepale mlipofika. Simameni kando ya ziwa dakika tano, mtazame mteremko mzima na kuchagua mgongo mpana wenye erika na nyasi fupi, usiokatwa na makorongo. Ramani itawasaidia: mistari ya kontua, yaani ile inayoonyesha mwinuko, ikibanana sana, hapo ni pakali, ikiachana kidogo, hapo ndipo pa kupita. Kisha chagueni alama tatu zinazoonekana, kwa mfano jiwe kubwa, bega la mteremko, na mwisho wa korongo fulani, na mwende kutoka moja hadi nyingine. Pandeni kwa kukata kona pana kama barabara ya Lushoto. Mteremko huu ni mkali: karibu mita 370 za kupanda ndani ya umbali mfupi tu. Mtu akiupanda wima nyonga zinakwisha katikati, na kushuka kunakuwa kugumu kuliko kupanda.

Kilele hamtakiona kutoka chini. Mteremko umebinuka, kwa hiyo kila mara mtaona ukingo na kudhani ndio mwisho, kumbe nyuma yake kuna mwingine. Mwambie shemeji mapema. Anayejua kwamba vilele vya uongo vitakuwa viwili au vitatu anapanda kwa utulivu, na asiyejua anavunjika moyo kwenye cha pili.

Mkikaribia juu, simameni mtazame chini ya miguu yenu. Erika inakatika ghafla na mboji inakwisha. Mnaingia kwenye changarawe na vipande vya mawe ya mchanga, na mimea imelala kwa mistari, mstari wa kijani, mstari wa mawe matupu, kama tuta na mfereji katika shamba la viazi. Upepo umeilima. Kila mstari wa mimea unajikinga nyuma ya wenzake, na barafu ya majira ya baridi inasukuma mawe yakajipanga katikati. Mandhari ya namna hii, pamoja na mimea ya nchi za baridi kali, katika Uskoti kwa kawaida huipata kwenye milima mirefu zaidi; hapa imeshuka chini ya mita 500 kwa sababu ya upepo wa bahari. Kanyagani mawe, muiache mimea. Shina dogo mnaloliona pale limechukua miaka mingi kufika urefu wa kidole.

Hapo pia ndipo mtakapoelewa jaketi moja halitoshi. Joto hupungua kama nyuzi 0.65 kwa kila mita 100, yaani nyuzi 3 hivi kutoka gatini hadi kileleni. Hilo ni dogo. Upepo ndio mkubwa. Mchana wa Julai Orkney huwa na nyuzi 15 au 16 siku nzuri, lakini siku mbaya inaweza kuwa 8 tu gatini. Juu itakuwa 5, na upepo ukivuma kilomita 50 kwa saa mwili utahisi kama uko chini ya sifuri. Hapo hujahesabu mvua wala jasho la kupanda. Nguo iliyolowa hunyonya joto la mwili haraka sana, ndiyo maana pamba ni adui huku. Jinzi, fulana ya pamba na sweta ya pamba vyote vikilowa vinabaki vimelowa. Vaeni fulana ya sufi au ya polyester mwilini, sweta ya sufi au flisi juu yake, kisha koti la mvua lenye kofia na suruali ya mvua. Kila mmoja abebe sweta ya akiba ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kofia ya sufi na glavu. Ndiyo, glavu Julai. Anayevaa hijabu achague kitambaa chepesi kisichokuwa cha pamba na akifungie ndani ya kola, kwa sababu upepo wa juu unakivua.

Viatu viwe mabuti ya kupandia yanayofunika kifundo, yenye soli ya meno makubwa, na yawe yameshavaliwa wiki kadhaa. Raba zina mambo matatu mabaya hapa: zinajaa maji hatua ya kwanza, hazikishiki kifundo kwenye vichuguu, na soli yake laini haishiki kwenye erika iliyolowa wakati wa kushuka. Gambuti nalo ni kiatu cha heshima kwenye mboji, na wafugaji wa huku huenda nalo kila mahali, ila kwenye mteremko mkali mguu unachezacheza ndani yake na kisigino kinachubuka. Beba jozi ya pili ya soksi. Fimbo ya kutembelea moja kwa kila mtu si anasa: ni ya kupimia dimbwi, ya kushukia, na ina kazi nyingine nitakayoitaja.

Chakula cha watu wawili: maji lita 1.5 kila mmoja, chupa ya chai ya moto yenye sukari, chapati nne zilizoviringishwa na mayai au maharage, tende kumi kumi, karanga. Chapati ni bora kuliko mkate, haivunjiki kwenye begi na huliwa na glavu. Kuleni kidogo kidogo kila baada ya saa moja. Maji ya vijito yana rangi ya chai kwa sababu ya mboji. Rangi hiyo haidhuru, lakini kondoo na ndege wako juu, kwa hiyo chemsheni au tumieni vidonge. Msitegemee kukuta duka upande huu wa kisiwa.

Hesabu ya saa sasa. Kanuni ya zamani ya wapandaji wa Uskoti, iliyotolewa na William Naismith mwaka 1892, ni saa moja kwa kila kilomita 5, ukiongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwenye njia ya Sandy Loch inafaa ukipunguza mwendo kidogo: kilomita 3, dakika 45 hadi 50. Baada ya hapo tumieni kilomita 2 kwa saa, ndiyo kasi ya kweli ya mboji na erika. Kilomita 1.3 ni dakika 40, na mita 370 za kupanda zinaongeza 37. Jumla ni saa mbili na kitu. Mkipumzika na kupiga picha, saa mbili na nusu. Kushuka na kurudi gatini ni saa mbili kwa asiyezoea. Tengeni saa sita kati ya feri ya kwenda na ya kurudi, na mwandike saa ya kugeuza kwenye mkono kabla ya kuondoka: saa tatu kabla ya feri ya mwisho. Ikifika, mnageuza, hata kama kilele kiko mita hamsini. Feri haimngoji mpandaji, na mwendo wa haraka wa kuiwahi ndio unaovunja vifundo. Siku za Jumapili na sikukuu ratiba hubadilika, kwa hiyo isomeni upya siku moja kabla. Mwanga hautawasumbua: mwanzoni mwa Julai jua huzama karibu saa nne na nusu usiku. Desemba ni habari nyingine, mchana una kama saa sita tu.

Kinachosumbua Julai ni ukungu wa bahari, ambao wenyeji huuita haar. Hewa yenye joto ikipita juu ya bahari baridi, mvuke wake hugeuka ukungu na kusukumwa nchi kavu. Mnaweza kuondoka Stromness jua likiwaka, na kwa muda mfupi wa kunywa kikombe cha chai kilele kikatoweka. Ukiwakuta juu, msitawanyike hata hatua kumi. Simameni, vaeni nguo zote, tazameni dira. Uelekeo wa kurudi uwe mmeshaupima kabla hamjapanda: wekeni dira kwenye ramani kutoka kileleni hadi Sandy Loch, mtapata kaskazini-magharibi, mwandike idadi ya nyuzi. Tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na ya ramani huko kwa sasa ni ndogo sana, hivyo msijisumbue kuirekebisha. Mmoja atangulie hatua chache huku mwenye dira akimwelekeza kushoto au kulia, asimame, mwenye dira amfikie, warudie. Ni polepole lakini haipotezi. Kosa la kawaida kwenye ukungu ni kufuata mteremko ulio rahisi, na mteremko ulio rahisi unaweza kukupeleka upande mwingine kabisa wa kilima, juu ya makorongo yenye miamba. Simu isiwe tegemeo pekee: mtandao unakatika, baridi inakula betri, na kioo kilicholowa hakisikii kidole. Pakueni ramani mapema, wekeni simu mfuko wa ndani karibu na mwili.

Kwa sababu hiyohiyo nawashauri mrudi kwa njia mliyopandia. Wenye uzoefu hushukia upande wa pili, kwenye barabara ya Rackwick, wakafanya mzunguko. Ardhi ya huko hamtakuwa mmeiona, na mtu aliyechoka hasomi mimea vizuri.

Kuhusu upepo kuna jambo moja la mwisho. Angalieni utabiri wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, na msome kasi ya dhoruba za ghafla, msiishie kwenye wastani. Zikizidi kilomita 60 kwa saa, acheni kilima, tembeeni bondeni kwenda Rackwick. Ufuko wake wa mawe ya mviringo unastahili siku yake.

Nyoka hakuna Orkney, basi shemeji asiogope nyasi. Wa kuheshimiwa ni ndege: skua mkubwa, wenyeji humwita bonxie. Ni wa kahawia, mzito zaidi ya kilo 1, mabawa yake yakinyooshwa hufika mita 1.3 hivi, na hutaga ardhini katikati ya nyika. Mkikaribia kiota anakuja chini chini, usawa wa macho, na anaweza kukupiga kichwani kwa miguu. Msikimbie wala msimrushie kitu. Inueni fimbo wima juu ya kichwa, kwa kuwa yeye hulenga kitu kilicho juu zaidi. Kisha rudini mlikotoka, macho yakiwa chini ili msikanyage mayai au makinda. Ndege hawa wamekufa kwa wingi kutokana na mafua ya ndege miaka ya 2021 na 2022, na Hoy ni moja ya ngome zao kubwa duniani. Kila kiota kilichobaki kina thamani. Mkikuta ndege aliyekufa, msimguse.

Kabla ya kuondoka mwachieni mtu ujumbe: njia mtakayopita, feri mtakayorudi nayo, na saa ya kupiga simu asipowasikia. Ajali ikitokea, pigeni 999 au 112. Kwa ajali ya kilimani ombeni polisi, kisha uokoaji wa milimani. Kwa ajali ya kwenye magenge au ufukweni, ombeni Coastguard, yaani walinzi wa pwani. Andikisheni simu zenu sasa kwa kutuma neno "register" kwenda 999, maana ujumbe mfupi hupita mahali ambapo sauti haipiti. Tajeni mahali mlipo kwa herufi HY na tarakimu sita zinazosomwa kwenye mistari ya gridi ya ramani. Bila mtandao, pigeni kipenga mara sita ndani ya dakika moja, mnyamaze dakika moja, mrudie. Jibu ni mara tatu. Aliyeumia asikalie mboji tupu: mkalisheni juu ya begi, na wote wawili mwingie kwenye mfuko wa plastiki wa dharura, ule wa rangi ya chungwa. Akianza kutetemeka, kujikwaa na kuongea kwa kuvuta maneno, baridi imeshaingia. Mpeni nguo kavu, chai tamu na chakula, na msimpe pombe kabisa.

Mkibakiwa na saa mbili nzuri kabla ya feri, au siku ya pili, nendeni kwa barabara hadi Dwarfie Stane, upande wa kusini wa Ward Hill. Ni jiwe moja la mchanga lenye urefu wa mita 8.6 hivi, lililotobolewa ndani miaka kama 5,000 iliyopita likawa kaburi lenye vyumba viwili vidogo. Kwenye ubavu wake wa kusini kuna maandishi ya Kiajemi, na aliyesoma herufi za Kiarabu chuoni atazitambua mara moja. Aliyachonga William Mounsey mwaka 1850, na maana yake ni kwamba aliketi pale usiku mbili na ndivyo alivyojifunza subira. Juu yake aliandika jina lake kinyumenyume kwa Kilatini. Inasemekana waliomfundisha subira ni visubi. Hao mtakutana nao jioni isiyo na upepo, hasa mabondeni, basi bebeni dawa ya kujipaka.

Usiku, kagueni miguu, nyuma ya magoti na kiunoni kutafuta kupe. Mkimkuta, mshikeni kwa kibano kidogo karibu kabisa na ngozi na mvute moja kwa moja bila kumzungusha, bila mafuta wala moto. Sehemu hiyo ikifanya wekundu unaopanuka wiki zinazofuata, nendeni kwa daktari mkamwambie mlikuwa nyikani. Mabuti yaoshwe mboji yote kwa maji baridi, toeni soli za ndani, jazeni magazeti na kuyabadilisha kila baada ya saa chache. Msiyaweke juu ya hita, gundi ya soli itaachia.